Bi Kheiria na Njia ya Mawe ya Sidab

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara yetu ya mambo ya kale, Bi Kheiria binti Thani anastaafu. Alianza akiwa karani wa kuandika lebo za vigae vya vyungu vya kale. Anaondoka mkaguzi mkuu, na bado hajajifunza kuandika ripoti fupi.

Sote ametutembeza milimani hadi soli zikabanduka. Mgeni mmoja mheshimiwa alitia kijiwe mfukoni kwa ukumbusho. Bi Kheiria alimnyooshea kiganja, akangoja. Kijiwe kikarudi kilipotoka.

Lakini kazi yake kubwa ni ile njia ya kale ya punda, milimani juu ya kijiji cha Sidab. Mwaka 2011 mkandarasi alileta katapila kupitisha bomba la maji. Ramani yake haikuonyesha kitu pale.

"Haya mawe yameporomoka tu, mama," mhandisi wao, Aws, alimwambia Bi Kheiria; naye ni kijana wa familia zilizotoka Zanzibar.

"Mawe ya kuporomoka hayajipangi safu, mwanangu. Nnakuomba siku tatu."

Mamlaka ya kusimamisha kazi hakuwa nayo, na alijua, lakini Aws akakubali kungoja. Akapanda na fagio. Paulina, mfanya usafi wa ofisi yetu kutoka Mwanza, alimfuata kwa hiari yake. "Nilimwona anahema peke yake," husimulia, "nikasema huyu mama atatufia huku."

Walifagia changarawe siku tatu. Zikatokea kingo pande zote mbili, kisha ngazi, kisha mawe yaliyolika kwa kwato za vizazi na vizazi: hatua mia nne na kumi na mbili za barabara nzima.

Aws alivua kofia yake, akaitembea yote hadi mwisho, akarudi. Halafu akampigia simu mkubwa wake: bomba lipite bondeni.

Bi Kheiria alipewa barua ya onyo kwa kusimamisha kazi bila mamlaka. Aliitia saini, akarudi mezani kuandika maombi ya hifadhi. Miaka miwili baadaye njia ikatangazwa kulindwa kisheria. Ndiyo siku pekee tuliyomwona akilia kazini. Mwangalizi wa njia hiyo leo ni Paulina.

Bi Kheiria, ahsante kwa ukaidi wako na kwa upole wako. Mola akuzidishie afya, akupe asubuhi zisizo na haraka, na wajukuu wenye miguu ya kukufuata. Nenda kwa amani, mama yetu.

Afra, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako