Tarehe ya Selina

Kijiwe chetu ni benchi moja pale Kisesa, mbele ya meza ya Muharami, fundi saa. Zamani tulijaa. Tangu kiwanda cha pamba kitupunguze kazini, wengi wamerudi makwao. Tumebaki Muharami, Ngosha tunayemwita Balozi, na mimi Maige. Siku hiyo nilimsubiri Venant, fundi wa kuandika misalaba. Msalaba wa saruji kwenye kaburi la mke wangu Selina, uani kwangu, ulishakauka, bado maandishi tu. Kufa najua: Machi 4, 1995. Kuzaliwa hakuna anayejua. Wazazi wake walisema mwaka wa nzige, na nzige walikuja mara nyingi. Basi nikakunjua gazeti lililofungiwa maandazi. Kusoma nimejifunza uzeeni, karatasi hainipiti.

— Sikilizeni. Wanasayansi wamepima umri wa chembe inayotoka angani. Sekunde moja uikate vipande milioni: yenyewe inaishi viwili na kidogo, inakufa.

— Uongo! — Muharami akasema. — Hapo mshale wa saa haujanyanyua hata mguu.

— Wana mashine, bwana. Inaona ikiingia, inaona ikifa. Wanapima maelfu, wanatafuta wastani.

— Maelfu? — Balozi akadakia. — Basi wameshaziandikisha, wanataka kuzibinafsisha. Kesho utaambiwa vumbi la uani kwako lina mwenyewe.

— Ulisema hivyohivyo kuhusu jiwe la Bismarck, lile la ziwani Mwanza, — nikamwambia.

— Na bado! Wataanza na vumbi, wamalizie na jiwe.

— Ngoja kwanza, — Muharami akasema. — Imezaliwa huko juu. Nani aliiona ikizaliwa?

Nikarudi gazetini, kidole chini ya mstari.

— Hakuna. Wanaanza kuhesabu ilipoingia kwenye mashine. Wanasema njiani haizeeki, iliyotoka mbali ni sawa na iliyozaliwa sasa hivi, kwa hiyo jibu linatoka sawasawa.

Nikausoma mstari ule tena, kimoyomoyo. Balozi akaniuliza nina nini. Nikakunja gazeti.

Venant akafika na kopo la rangi.

— Shikamooni wazee. Mzee Maige, mwaka umepatikana?

— Marahaba. Kuzaliwa acha. Andika: Aliingia kwangu Julai 1958.

Balozi akataka kucheka, Muharami akamkanyaga.

— Sawa, mzee, — Venant akasema, akiandika kiganjani asisahau. — Na wewe siku yako ikifika, nitamuuliza nani?

Muharami akainamia saa aliyokuwa akiifungua.

— Herufi ziwe kubwa, — nikamwambia. — Nizisome nikiwa mlangoni.