Nilivyojifungia na Mmea wa Bangi Small Heath

Nawasalimu, ndugu zangu, katika jina la Yesu, aliyenikuta nimejifungia chumbani na hakuchoka kubisha. Wengi wenu mnanijua kwa sura tu. Sauti yangu mmeisikia kwenye amina, na hata hiyo huwa ndogo. Kwa hiyo nimeandika, ili mjue Bwana alinitoa wapi.

Jina langu ni Eliya. Nilizaliwa karibu na Kitale, na shule yangu iliishia darasa la saba. Kaka yangu Joramu alitangulia kuja Birmingham kusomea ufundi, na mwanzoni mwa miaka hii ya sabini akaniita nije tukae pamoja. Tulipanga chumba mtaa wa Small Heath, katika nyumba ya mama mmoja Mhindi, Kalasinga, mjane, ambaye yeye na marehemu mumewe walikuwa na duka Kisumu kabla ya kuhamia huku. Mtoto wake mkubwa anaitwa Jasbir. Mimi nilimwita yule mama Madam.

Siku ya kwanza kaka yangu alinionya. Akaniambia, "Huyu mama anajua Kiswahili kama mimi na wewe. Lakini usimsemeshe Kiswahili hata kidogo. Ukianza tu, kesho utakuwa boi wake, unabeba makaa. Hapa ni Uingereza, sema Kiingereza."

Nilimwelewa vizuri. Baba yetu alifanya kazi kwenye mashine ya mbao ya Mhindi, na Kiswahili nilichokisikia pale kilikuwa cha lete hiki, peleka kile. Basi nikanyamaza. Madam akinikuta kwenye ngazi anasema "Cold today," nami nasema "Yes, Madam." Kiingereza chake kilikuwa kibovu, na changu kilikuwa kibovu zaidi. Tulikaa hivyo mwaka mzima na zaidi.

Kisha kaka yangu alioa, akapata kazi Skotlandi, akaondoka na mkewe. Chumba kikabaki changu. Ndugu zangu, sikujua kwamba chumba kinaweza kuwa kikubwa vile. Nilikuwa nikirudi kazini, natandika meza, nala nikitazama ukuta, naosha sahani moja. Nilijaribu kwenda kanisa la karibu. Walikuwa watu wema, walinipa kitabu cha nyimbo, lakini ibada ilipokwisha kila mtu alishika njia yake, nami sikuwa na maneno ya kumzuia mtu. Sikurudi tena.

Nilikuwa nikifanya kazi katika kiwanda cha vitasa vya milango, nikisugua shaba. Wenzangu waliniita Redio. Kila asubuhi mmoja wao, kijana Mwingereza aitwaye Roni, alikuwa akisema, "Haya, Redio, leo kuna habari gani?" Mimi nilikuwa natabasamu tu. Naye alikuwa akiwageukia wengine, "Bado mbovu. Tumpeleke kwa fundi." Watu wote walikuwa wakicheka. Hawakuwa na ubaya. Lakini nilikuwa naenda chooni nijaribu kutamka jibu, nikirudi wameshaanza mazungumzo mengine.

Siku moja wakati wa chakula niliwasikia wakizungumza juu ya bangi. Roni alisema binamu yake alikuwa mwoga kama mimi, lakini tangu aanze kuivuta anacheka na kila mtu, anasemesha hata polisi. Neno lile liliniingia. Nyumbani niliwajua watu waliovuta, na mama yangu alikuwa akitupitisha upande wa pili wa njia. Sikuwahi kuigusa. Lakini siku ile nilijiambia kwamba labda ndiyo dawa ya ulimi wangu.

Sasa, Roni alikuwa anafuga ndege wa kuimba nyumbani kwake, na mfukoni alikuwa na mbegu za kuwalisha, alizonunua duka la Coventry Road. Alimwaga kidogo mezani. Nilipozitazama, katikati ya mtama nikaona mbegu za mviringo zenye madoa. Nilijua mara moja kuwa ni za bangi, kwa sababu kwetu zilikuwa zikiota zenyewe nyuma ya kambi ya wakata mbao.

"Unataka?" Roni akaniuliza. "Na wewe una ndege?"

Nikasema, "Yes." Hilo ndilo lililokuwa jibu langu refu kuliko yote kwake tangu tujuane, nalo lilikuwa uongo.

Nilizipanda. Sikujua lolote juu ya kilimo cha chumbani. Nilichimba udongo bustanini nikaubeba kwa mfuko wa sokoni, kama vile natoka kununua viazi. Nilitia udongo kwenye ndoo kuukuu ya rangi. Nguo zangu nilizitoa kabatini, nikabandika ndani karatasi za kung'aa za pakiti za sigara, nikaning'iniza taa kwa kamba za viatu. Siku ya kwanza taa ilianguka kwenye udongo. Mbegu nyingi zilioza kwa sababu nilizimwagilia kila nilipozikumbuka, na sikuwa na kitu kingine cha kukumbuka. Moja tu ndiyo iliyochomoza.

Ndugu zangu, niwaambie lililonipata hapo. Nilianza kuusemesha ule mmea. Nilipofungua kabati jioni nilikuwa nasema, "Hujambo, umeshindaje?" kwa Kiswahili, kwa sauti. Nikaueleza habari za kiwandani, mvua, mama yangu, ng'ombe wetu. Yale yote niliyoshindwa kumwambia Roni niliuambia mmea. Nilikuwa naongea nao hadi chakula kinapoa.

Na kadiri ulivyokua ndivyo nilivyozidi kujifunga. Nilipigilia blanketi dirishani ili mtu asione mwanga. Nilisokomeza matambara chini ya mlango ili harufu isitoke. Madam akigonga kuniletea chapati, maana alikuwa akileta siku mojamoja, nilikuwa nasema "No, thank you" nikiwa ndani. Nilimsikia akisimama kidogo, kisha akishuka.

Kazini Roni aliniuliza, "Ndege wako anaimbaje?" Nikasema haimbi. Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. "Ndege wa Redio! Angeimbaje?" Kisha Roni akasema, bila mzaha sasa, "Jumamosi nitapita kwako nimwangalie. Huenda ni mgonjwa. Nitaleta na samaki na chipsi tule."

Hakuna mtu aliyewahi kutaka kuja kwangu. Nilikuwa nimeomba jambo kama hilo kwa miezi. Nami nikasema, "No. No come." Alinitazama, akainua mabega, akaenda. Tangu siku hiyo hakuniita Redio wala jina lolote. Hapo ndipo ningepaswa kuelewa kwamba kitu nilichokipanda ili nipate watu ndicho kinachonifukuzia watu. Sikuelewa.

Nilichuma majani, nikayakausha, nikavuta. Nilikohoa, kichwa kikauma, ulimi ukabaki vilevile. Nikaona kosa ni la mmea, kwamba haujapata joto la kutosha kama la kwetu. Na ndipo ukaja ule msimu wa baridi ambao umeme ulikuwa ukikatwa mtaa kwa mtaa kwa ajili ya mgomo wa wachimba makaa, na taa ya kabatini ikawa inazimika kwa saa nyingi. Majani yakaanza kunyauka. Ndugu zangu, nilihuzunika kama mtu aliyeuguliwa na mtoto. Nilitafuta jiko la mafuta ya taa, lile la kupashia chumba joto, kuukuu, lenye utambi uliopinda. Nikaliweka mbele ya kabati. Dirisha lilikuwa na blanketi, mlango ulikuwa na matambara. Ilikuwa Jumapili mchana. Nikalala kitandani nikiusemesha mmea, nikasikia usingizi mzito.

Sikumbuki mlango kuvunjwa. Ninachokumbuka ni sauti ya mama ikisema, "Wewe kijana, amka. Amka, sikia mimi. Fungua macho." Ilikuwa Kiswahili. Nilidhani niko Kitale, nimechelewa kwenda kukamua ng'ombe. Nikajibu, "Naam, Mama, nakuja." Nikafungua macho, nikajikuta nimelazwa kwenye ngazi, mlango wa mbele uko wazi, upepo wa baridi unaniingia hadi kwenye mifupa, na Madam amenishika kichwa mapajani, shali yake imemdondoka.

"Mimi nafikiri wewe nakufa," akasema. "Kila siku nasikia wewe nasema, nasema. Leo nasema kidogo, halafu kimya. Mimi nagonga, kimya. Jasbir nasukuma mlango."

Ndugu zangu, tafakarini. Moshi wa jiko lile ungenimaliza, na nisingegunduliwa hadi siku ya kudaiwa kodi. Mungu alimweka mtu mlangoni pangu, akasikia sauti yangu kila siku, na siku iliponyamaza akajua. Nilikuwa nikiamini kwamba hakuna anayenisikia duniani.

Nilipopata nguvu alinipeleka jikoni kwake, akanipa chai ya maziwa yenye tangawizi. Akanishikia kikombe. Nikamuuliza kwa Kiswahili, mara yangu ya kwanza, "Mama, kwa nini hukunisemesha siku zote hizi?"

Akafuta meza ambayo haikuwa na kitu. "Kule Kisumu mimi nasema Kiswahili na mpishi, na dobi, na mtu ya kuni. Wewe hapana mpishi yangu. Mimi naona haya. Nafikiri, nikisema Kiswahili huyu kijana takasirika, tasema mama hii naniita boi."

Nikamwambia maneno ya kaka yangu. Alicheka hadi akashika ubavu, nami nikacheka, kichwa kikaniuma zaidi. Kisha akaacha kucheka.

"Sasa sikia. Ile kitu ndani ya kabati, mimi naona. Bwana yangu alifukuza mpishi kwa sababu ya hii. Na ile ya mpishi ilikuwa nzuri. Yako kama mchicha ya njaa." Akanisogezea sahani ya chapati. "Leo hii kitu natoka, ama wewe natoka. Lakini mimi sitaki wewe natoka."

Nilipanda ngazi. Blanketi lilikuwa limeng'olewa, dirisha li wazi, na mwanga wa mchana uliingia humo kwa mara ya kwanza tangu kiangazi. Nilisimama mbele ya mmea, na sitawaficha, nililia. Haikuwa bangi niliyoililia. Nilikuwa sijui kesho jioni nitamwambia nani "umeshindaje." Nikasema, "Bwana Yesu, sina mtu mwingine. Ukiniondolea huu, kaa wewe hapa." Nikaung'oa kwa mizizi, nikauzamisha kwenye maji ya sabuni, nikautupa pamoja na ndoo yake. Tangu siku hiyo sijagusa bangi, wala sijaitamani. Sifa ni kwa Bwana.

Mama Jasbir, maana ndivyo ninavyomwita sasa, alikuwa akishona mashuka katika hospitali kubwa iliyo karibu na Harborne. Pale alimfahamu nesi Mkenya, Dada Rebeka, ambaye wengi wenu mnakula kwake. Alijua kwamba kila Jumapili alasiri Dada Rebeka anakusanya watu sebuleni kwake Stechford wanaomba kwa Kiswahili. Aliniambia niende. Nikasema nitaenda. Jumapili ikafika, akanikuta nimekaa kitandani nimevaa koti.

"Najua," akasema. "Simama, tunakwenda." Akajifunika shali, tukapanda basi pamoja.

Mliokuwepo mnakumbuka. Alivua viatu mlangoni, akakaa kando yangu, kichwa kimefunikwa, akatulia muda wote wa maombi. Dada Rebeka alipowauliza wageni majina yao, nilisimama, na maneno hayakuja. Nilisubiri kicheko. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyenisaidia wala kuniharakisha. Mama Jasbir tu ndiye aliyenong'ona, "Sema vile wewe nasema na mchicha."

Nikasema, "Naitwa Eliya. Natoka Kitale. Nimekaa peke yangu muda mrefu."

Dada Rebeka akajibu, "Karibu, mdogo wangu. Utatusaidia kumenya ndizi, jikoni kuna kazi." Nikamenya ndizi jioni ile, huku mtu mmoja kushoto na mwingine kulia wananiuliza habari za kwetu, nami najibu. Nilipopokea wokovu majuma machache baadaye, nilikuwa tayari nimeonja ulivyo.

Nilimwendea Roni pia, nikamwambia kwamba sikuwa na ndege. Akasema, "Tulijua, bwana. Mtu mwenye ndege huwa na manyoya kwenye sweta." Sisi si marafiki wakubwa, lakini tunakula meza moja.

Namshukuru Mungu aliyeniacha hai. Namshukuru Mama Jasbir, ambaye anaendelea kwenda kwenye hekalu lao na ananiombea kwa namna yake, nami namwombea kwa namna yangu. Bado mimi ni mwoga. Bwana hakunipa ulimi wa mhubiri. Alinipa watu wanaoweza kusubiri.

Ndugu yangu unayesoma haya ukiwa umefunga mlango, usifikiri kwamba Mungu hajui uko chumba gani. Mtumaini. Kama huwezi kusali, sema tu lililo moyoni kwa lugha ya kwenu. Na Jumapili alasiri, ukishuka kituo cha Stechford na usijue njia, nitakuwa nimesimama pale nje, nina koti la kijivu. Huna haja ya kusema kitu. Nitakupeleka.