Mguu wa Kinyozi Mstari

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka kinyozi. Mtaani walimwita Mstari, kwa jinsi alivyonyoosha ukingo wa nywele hata kwenye kichwa cha mtoto anayelia. Kinyozi Mstari ametutoka, na mkewe bado haelewi. "Aliumwa mguu," anasema. "Mguu! Kifua kimeingiaje?"

Mumewe alifanya kazi wima, kutwa nzima. Jioni kifundo kilivimba. Mishipa ikachomoza nyuma ya goti, imejipindapinda. Mke akalaumu viatu. Shemeji akalaumu chumvi, mboga zikawa chapwa nyumba nzima. Ngozi ikageuka nyeusi, kisha likaja donda lisilopona.

Daktari akawaeleza. Mishipa inayorudisha damu moyoni ina vilango. Damu ikipanda, vinafunga isirudi. Vya Mstari vililegea. Damu ikarudi chini, ikatuama, ikaichosha ngozi kutoka ndani. Mama yake alikuwa na miguu hiyohiyo, kusimama kukaongezea.

"Basi akae?" mke akauliza.

"Asikae sana pia. Atembee. Akipumzika, ainue mguu. Na avae soksi ya kubana."

"Umevimba, halafu tuubane?"

"Ndiyo, mama. Shavu la mguu ndilo pampu ya kupandisha damu. Tunalisaidia."

Walirudi vichwa vikizunguka, lakini walifuata. Donda likafunga. Mstari akawa anatoka kibandani katikati ya kazi, mteja kanyolewa nusu. "Subiri kidogo, naisindikiza damu!"

Kisha homa ikamlaza kitandani siku kadhaa. Shavu la mguu mmoja likavimba ghafla, likawa la moto. Mke akauweka juu ya mto, kama alivyofundishwa. Asubuhi mume akashika kifua. "Mama watoto, pumzi haiji."

Hawakuwahi hospitali. Damu ilikuwa imeganda mguuni. Kipande kikasafiri hadi mapafuni. Mguuni, wasikilizaji, hadi mapafuni.

Daktari amemwambia mke hana kosa: kwa macho, uvimbe wa zamani na huu hufanana. Anaitikia, kisha anatikisa kichwa. "Siku zote nilikuwa nauliza," anatuambia. "Siku ile sikuuliza. Nilidhani nimeshaelewa."

Mama watoto, shemeji, na watoto wa Mstari: poleni sana. Msiba wenu tumeubeba nanyi.

Nasi tuliobaki, tuitazame miguu ya wanaotutafutia riziki wakiwa wamesimama. Mmoja ukivimba ghafla, tusikae nao nyumbani. Tuulize, hata kama jana tulijibiwa.