Dakika Tano za Kufumba Macho

Binti wa ofisini alikuwa amefumba macho, anavuta pumzi kama anayepimwa kifua. Fundi cherehani aliyekaa naye kwenye basi akamwuliza, “Unaumwa, mwanangu?”

“Hapana, mama, natafakari. Leo ndiyo narudi kazini tangu tufungiwe ndani kwa ugonjwa. Moyo unanienda mbio.”

“Sisi kiwandani tunafumbishwa macho dakika tano kila asubuhi. Meneja anazikata kwenye muda wetu wa kula.”

“Lakini unatulia?”

“Nitulie wapi! Nikifumbua, kwenye cherehani ya shoga yangu kakaa mgeni, tena kakalia mto alioushona marehemu kwa mabaki ya vitambaa. Ugonjwa huohuo ulimchukua.”

“Pole. Labda hupumui inavyotakiwa, mama.”

Basi likasimama. Fundi akainuka. “Mimi napumua, mwanangu. Asiyepumua ni shoga yangu.”