Wazee Wanyanyue Visigino

Wasikilizaji wapendwa, kaeni kitako. Kama mna chai ya shayiri kwenye jokofu, mimineni kabisa. Leo tunamkumbuka Mwalimu Sugimori Itsue wa mtaa wetu wa Sakashita. Mwalimu Itsue, aliyetufundisha kucheza ngoma ya Bon, sikukuu yetu ya kuwakaribisha wafu. Alituaga mwezi wa nne, maua ya mcheri yakipukutika, akiwa na miaka sabini na minne.

Itsue alizaliwa hapahapa Sakashita. Alishona soksi kiwandani mpaka akastaafu, lakini miguu yake mwenyewe haikujua kutulia. Kila kiangazi, wafu wetu wanaporudi kututembelea, yeye ndiye aliyeongoza duara chini ya jukwaa la ngoma.

Halafu duara likaanza kupungua. Vijana walikuja, wakala mahindi ya kuchoma, wakaenda zao. Wazee wakabaki kuzunguka wenyewe kwa wenyewe. Ikasemwa waziwazi mkutanoni: basi, ngoma ife.

Itsue hakukubali. Mjukuu wake, Riko, alikuwa hasikii haambiwi kwa Mizutama, lile kundi la wasichana watano ambao siku hizo nyimbo zao zilipigwa kila kona. Jioni moja Itsue alikuwa anakaanga tempura za biringanya, wimbo wao wa "Kesho Turuke" ukaanza kwenye televisheni. Binti yake, Bi Chinami, anakumbuka: "Nilisikia harufu ya kuungua. Namkuta mama sebuleni, vijiti vya kupikia mkononi, anarukaruka. Nikamwambia, 'Mama, biringanya zimekuwa mkaa!' Akanijibu, 'Hebu nyamaza, utanipotezea hatua.'"

Akaamua kuuingiza wimbo huo kwenye duara la Bon. Tatizo lilikuwa moja. Mizutama hucheza wakitazama mbele. Sisi tunazunguka. Siku ya mazoezi watoto wakagongana vichwa kama mbuzi. Itsue akaufumua mchezo wote, akaushona upya uende kwa duara. Na pale penye kuruka akaweka sheria yake: vijana waruke, wazee wanyanyue visigino.

Mzee Kurimoto, muuza tofu na mpiga ngoma wetu, alikuja juu. "Itsue, unataka marehemu mke wangu arudi akute makelele haya?"

"Mkeo alivumilia ngoma yako maisha yake yote," Itsue akamjibu. "Hili ndilo litamshinda?"

Watu walivunjika mbavu. Kurimoto hakucheka. Lakini kiangazi kile duara lilijaa mpaka likawa mawili. Mawili, wasikilizaji! Na tangu hapo Kurimoto aliupigia ngoma wimbo ule kila mwaka, amenuna.

Sasa sikilizeni ya wiki iliyopita. Ilikuwa Bon ya kwanza tangu Itsue afariki. Taa nyeupe ya kumwonyesha njia ilining'inia mlangoni kwake, na farasi wa tango, lile tunalolichomeka vijiti vinne kuwa miguu, alisimama madhabahuni, tayari kumleta mbio nyumbani. Kamati ya mtaa ikafikiri: wimbo wa Mizutama una furaha mno, utawatonesha wafiwa kidonda. Wakauondoa kimyakimya. Wafiwa nao walikuwa na hamu nao kuliko kitu chochote, ila waliona haya kuomba. Watu wanajitolea, tutawasumbuaje? Ndivyo tulivyo. Tunastahiana mpaka tunakosa sote.

Nyimbo za zamani zikapigwa, zikaisha. Riko alisimama pembeni, amevaa yukata, vazi la kiangazi, ya bibi yake, macho chini. Fundi wa vipaza sauti akaanza kukunja nyaya. Ghafla ngoma ikalia jukwaani, du! Alikuwa Mzee Kurimoto.

"Nyie! Wimbo wake uko wapi?"

"Tumeona, mzee, kwa heshima ya familia..." mwenyekiti akaanza.

"Heshima gani? Mtu katoka ahera juu ya tango, mnampigia zile alizozichoka tangu yuko hai! Piga wimbo!"

Bi Chinami akainamisha kichwa mbele ya wote, machozi yakimtoka. "Tafadhalini, upigeni. Tunautamani tangu jua lilipozama."

Wimbo ukapigwa. Riko akaingia, akashika mahali pa bibi yake, na mtaa ukajipanga nyuma yake. Kurimoto akamwachia mwanawe ngoma. Akashuka ngazi polepole na lile goti lake bovu, akaingia duarani. Pale penye kuruka palipokaribia, Riko aligeuka akamwonya: "Babu, visigino tu!"

Wasikilizaji wapendwa, kwa Bi Chinami, kwa Riko na ukoo mzima wa Sugimori, poleni sana. Mama yenu alikuta ngoma inakata roho, akaiacha inaruka. Nasi wengine tujiulize leo: ni jambo gani zuri tunalonyimana kwa adabu? Nendeni mkalisemee.

Na kama leo mmekuta duka la tofu limefungwa, msiwe na hofu. Mzee Kurimoto yuko ndani, ameweka goti kwenye barafu. Aliruka.