Samaki Watatu wa Shati Jekundu

Sogeeni mbele, wapendwa, hata nyie wa mlangoni, na anayemenya pipi ya kwenye bahasha nyeupe mliyogawiwa hapa msibani aiweke kwanza, tutulie, tumsindikize Bi. Mok Lin-hing kwa maneno.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1946, Yau Ma Tei, Hong Kong, akasoma shule ya jioni hadi mwaka 1958, mama yake alipoumia mgongo, naye akashika meza ya samaki sokoni, ambako noti ya kumi tuliiita kaa wa kijani, ile ya mia tano ng'ombe mkubwa, na nyekundu ya mia samaki wa shati jekundu, jina lile lile la samaki aliokuwa akiwapara magamba.

Oktoba 1968 alichumbiwa na Bwana Shum Pui-wah, fundi cherehani kutoka Shanghai, mgeni wa maneno ya mitaa yetu, na mshenga alipomtajia mahari, "Mama mkwe anataka samaki watatu wa shati jekundu," mtoto wa watu alileta samaki watatu wabichi ndani ya gazeti, maji yakimchuruzikia viatuni. Mama akawaka, "Binti yangu anauza samaki, nawe unaniletea samaki? Toka na kitoweo chako!" na uchumba ungefia pale pale, ila Lin-hing alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Mama, asiyejua hata fedha inaitwaje, ataniibia vipi?"

Walifunga ndoa tarehe 18 Januari 1969, wakajaliwa Wing-sum na Ho-yin, na maisha yote alimwita mumewe Bwana Gazeti.

Tarehe 2 Juni 2023 alipata kiharusi, sauti ikakatika, nyumba nzima ikawa inangoja walau neno moja, hadi tarehe 20 Agosti lilipotoka, "Shati jekundu." Wing-sum akampikia samaki kwa tangawizi, mgonjwa akatikisa kichwa, Ho-yin akamshikisha noti ya mia, akatikisa tena, ndipo mzee Pui-wah, na magoti yake hayo, akaenda sokoni, akarudi na samaki watatu wabichi kwenye gazeti, maji yakitiririka hadi kitandani kwake hospitalini, muuguzi akilalama, "Mzee, hapa si sokoni!" Lin-hing akacheka kicheko chake cha zamani, akasema, "Bwana Gazeti," na tarehe 23, alfajiri, akatuacha.

Tunawashukuru madaktari, na muuguzi yule aliyepangusa maji bila kinyongo, majirani wa ghorofa yetu, na wauza samaki wenzake waliofunga meza leo.

Lala salama, Lin-hing, umechoka.

Meza imekwenda kwa Wing-sum, kisu na mizani kwa Ho-yin, na majina ya fedha ameyarithi mzee Pui-wah, ambaye jana aliuliza shada hili ni samaki wangapi wa shati jekundu, na binti wa dukani akamjibu, "Babu, hapa tunauza maua."