Tangi na Vitanda Havigawanywi

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kitinda mimba wangu acha kunipepea, hewa ninayo ya kutosha kusema ninachotaka kusema. Fungueni hilo dirisha la uani, maana ninyi mnaniuguza kwa vidonge, na mimi kinachonipa nguvu ni sauti ya maji yakianguka tangini. Kifungua mimba, simu iweke mfukoni. Na wewe mkwe wangu, usisimame mlangoni kama mtu aliyeleta chai. Ingia, keti hapa kitandani pangu, kwa sababu neno la leo linakuhusu.

Ukuta wa chumba hiki ni mwembamba, na masikio yangu hayaumwi. Jana nimemsikia kifungua mimba akimwambia dada yake, huyu kitinda mimba, kwamba nikifumba macho, yeye atachukua tangi na samaki, dada atachukua vitanda vya mboga, na huyu mkwe wangu, mke wa marehemu ndugu yenu, atafute pa kwenda, kwa kuwa hana mtoto humu ndani na bado ni kijana. Nikasikia pia kwamba ule mkahawa wa barabara kubwa unataka saladi mwaka mzima, na mmekwisha kuwaahidi. Nilicheka hadi kifua kikaniuma. Ni sawa na ndugu wagawane ng'ombe, mmoja apewe mdomo na mwingine chuchu, kisha wakae kungoja maziwa.

Uwanja ule wa nyuma, ninyi mmeukuta umejaa kijani. Mimi na baba yenu tuliukuta umejaa vigae na vyuma chakavu, na udongo wake ulikuwa mgumu hata jembe lilitoa cheche. Baba yenu alikuwa fundi wa kuchomelea, akaunda tangi. Mimi nikapanga vitanda vya kokoto juu ya matofali, bila chembe ya udongo, pampu ikapandisha maji yenye uchafu wa samaki hadi kwenye mizizi, mizizi ikala ule uchafu, maji yakawarudia samaki yakiwa safi. Muuza nyama, jirani yetu, akatangaza mtaa mzima kwamba nimerukwa na akili, nalima mawe, akanibandika jina la Mama Kokoto. Jina likanikaa, na nalipenda, maana joto kali lilipounguza bustani za wenzangu, mke wake ndiye aliyekuwa wa kwanza kubisha hodi na kikapu. Nilimuuzia, na nikamwongezea fungu. Najivunia siku ile kuliko nyumba hii na bati lake jipya. Kinyongo nilikuwa nacho, siwafichi, lakini leo nakitua. Mwambieni muuza nyama kwamba kati yangu na yeye hakuna neno.

Sasa shikeni elimu yangu. Watu huchagua cha kupanda kwa kutazama soko. Mimi huingiza mkono tangini hadi kwenye kiwiko, asubuhi kabla sijanawa uso, kisha nawatupia samaki chakula na kutazama wanavyokula. Joto likipanda wanakula kwa pupa, maji yananona, na huo ndio wakati wa mboga zenye njaa zisizoogopa jua: bamia, biringanya, mchicha, matembele, na rehani ya kunukia pembeni. Baridi ikiingia samaki wanadonoa kama wageni wenye haya, maji yanakuwa mepesi, na hapo ndipo huja saladi, giligilani na spinachi, ambazo haziombi mengi. Saladi ukiilazimisha wakati wa joto inarefuka shingo, inatoa maua, na jani lake linakuwa chungu, huwezi kulimeza. Karoti msijaribu kabisa, kwenye kokoto inatoka imejikunja. Na dawa ya wadudu isivuke mlango ule wa uani, kwa kuwa kinachoua mdudu juu ya jani hushuka na maji hadi kwa samaki. Mnaona basi? Asiyejua samaki wamekulaje hawezi kujua apande nini, ndiyo maana tangi na vitanda havigawanywi. Na huo mkahawa wenu, usiache mbachao kwa msala upitao. Akina mama wa sokoni wananunua mchicha wetu tangu mlipokuwa mnatambaa.

Mnakumbuka baba yenu alipofariki. Waombolezaji walijaa hadi barabarani, na ninyi, kwa upendo, siwalaumu, mkaingia vitandani mkang'oa kila kitu na mizizi yake ili muwalishe watu. Tope lote lililokuwa limelala kwenye kokoto likashuka tangini. Mimi nilikuwa chumba hiki hiki, nimezungukwa na akina mama, nalia. Aliyeona samaki wamepandisha midomo juu ya maji wakitafuta hewa ni huyu hapa, bibi harusi ambaye hata njia ya chooni alikuwa bado anaulizia. Akawanyima chakula, akabadilisha maji kidogo kidogo kwa ndoo, akaenda kuomba vikonyo vya matembele kwa jirani na kuvichomeka kwenye kokoto huku nguo ya msiba imemlowa hadi kiunoni. Kisha akaja kuninong'oneza sikioni, "Mama, usinyanyuke. Wanapumua." Sikuwa nimemfundisha lolote. Nilimtazama usoni nikajua nimepata mrithi, na nilikuwa bado sijajua kwamba mumewe naye tutamzika.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa hiyo nasema mbele yenu, na asitokee wa kusema hakusikia: nyumba ni yenu nyote, na fungu la marehemu ni la mkewe. Kifungua mimba, pampu, mabomba na tangi utavitunza wewe, maana mkono wako umetoka kwa baba yako. Kitinda mimba, soko ni lako, una mdomo wa kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe. Lakini neno la kuchagua, nini kipandwe na lini kipandwe, ni la mkwe wangu. Akiolewa tena, aolewe, nami nambariki tangu leo. Neno hilo litabaki lake, na wa kumrithisha atamchagua yeye. Usinune, kifungua mimba. Sijakunyima kitu. Nimekuwekea mtu wa kukushika mkono usije ukawaua samaki wa baba yako kwa ajili ya saladi.

Nipeni maji kidogo... Inatosha.

Siku yangu ikifika, wageni mtawalisha, lakini kateni majani kwa kisu, mizizi iacheni mahali pake. Mkibadilisha msimu, badilisheni kitanda kimoja, kikishika ndipo mwende kwa kinachofuata. Hiyo saladi mliyoipanda kwa siri katika joto hili, mkidhani mgonjwa haoni uani, wapeni kuku. Msiwape waombolezaji, wasije wakasema marehemu kawaachia uchungu hadi kwenye sahani.

Nawabariki. Mikono yenu isikose kazi, wala meza yenu isikose mboga, wala mboga isikose mtu wa kuila pamoja nanyi. Mkigombana, mgombane mchana, na jioni muwe mmeshapatana. Mungu awatangulie... awe mbele yenu na... ngojeni. Ngojeni nivute pumzi.

Bado moja. Kifungua mimba, sogea. Muulize shemeji yako tupande nini. Hapa hapa, mbele yangu... Usitikise kichwa, nataka sauti... Sikusikia. Tena, na umwite shemeji...

Haya. Asante, baba.

Nawe mjibu, mwanangu. Futa machozi, umjibu... Bamia. Bamia na mchicha... Ndiyo. Amesema sawasawa.

Nendeni mkaloweke mbegu, wanangu... wote watatu.